Mkasi wa Kupogolea Waridi kwa Mkono Mdogo: Mwongozo Kamili

Kila masika yakikaribia, malalamiko ni yale yale. Mtu amenunua mkasi mpya, amelipa pesa nzuri, na bado akimaliza mwaridi mmoja kiganja kinamuwaka, matawi yamepondeka badala ya kukatika, na mwishowe anarudia kisu cha jikoni. Wanaolalamika karibu wote wana viganja vidogo: kina mama wenye vyungu vya waridi uani au darini, mabinti wanaowasaidia, na wazee ambao nguvu za vidole zimeshapungua.

Mkono hauna kosa. Mikasi mingi inayofika kwenye maduka ya vifaa, Amu (Lamu) na Malindi pia, ni ya saizi moja tu, sentimita 20 hadi 22, na imetengenezwa kwa kiganja cha mwanamume mzima. Mnunuzi naye hutazama urefu, rangi ya mipini na bei, basi. Kinachoamua kazi hakitazamwi: upana wa mipini mkasi unapokuwa wazi. Ukipatia hapo, kasoro nyingine nyingi utazivumilia. Ukikosea hapo, hata mkasi wa gharama kubwa utakutesa.

Hatua mbili za kwanza zifanye nyumbani, kabla hujatoa hata shilingi.

## Vitu vya kuandaa

- Rula, au tepu ya fundi cherehani.
- Penseli moja ya kawaida.
- Vijiti vitatu ulivyokata kwenye mwaridi wako mwenyewe: kimoja kibichi chembamba, kimoja kibichi chenye unene wa penseli, na kimoja kikavu.
- Karatasi ya daftari.
- Glavu zile zile utakazovaa ukipogoa. Za ngozi ni bora, kwa sababu mwiba wa waridi hupenya kitambaa bila taabu.
- Mafuta ya cherehani, spiriti na kitambaa kikuukuu. Hivi ni vya baadaye, mkasi ukishafika nyumbani.

Vijiti vibichi vikate asubuhi ile ile unayokwenda dukani, uvifunge kwa kitambaa chenye maji. Kijiti kilicholala kinakauka na kitakudanganya. Miiba yake itoe, usimchome mwenye duka.

## Hatua ya 1: Pima mkono wako

Nyoosha mkono unaoutumia kukata, kiganja juu. Pima kuanzia mstari wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Ukipata sentimita 17 au chini yake, mkono wako ni mdogo; glavu zako ni namba 6 au 7. Ukipata 18 na zaidi kidogo, mkasi wa kawaida huenda ukakufaa, lakini hatua ya 4 usiiruke.

Pima pia upana wa kiganja kwenye vifundo vya vidole, bila kidole gumba. Mpini lazima uwe mrefu kuliko upana huo. Ukiwa mfupi, ncha yake itaishia katikati ya kiganja na kukandamiza mishipa kila unapobana. Ile alama nyekundu inayobaki chini ya kidole gumba baada ya kazi mara nyingi chanzo chake ni hicho, wala si ulaini wa ngozi.

Kipimo cha tatu ndicho chenye thamani kuliko vyote. Weka mwanzo wa rula kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba, kisha kunja vidole nusu, kana kwamba umeshika kitu kinene. Soma sentimita pale kinapofikia kiungo cha kati cha kidole cha kati. Huo ndio upana wako wa kushika. Uandike mahali, ndio utakaokwenda nao dukani.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa mwaka 2004 mwongozo wa kuchagua zana za mkono. Kwa zana zenye mipini miwili zinazobanwa kwa nguvu, unashauri mipini isiachane zaidi ya sentimita 9 ikiwa wazi, wala isikaribiane chini ya sentimita 5 ikiwa imefungwa. Hicho ni kiwango cha watu wote kwa jumla. Kwa mkono wa sentimita 17, mimi sivuki 7 na nusu nikiwa namchagulia mtu.

## Hatua ya 2: Jua unakata nini

Zunguka kwenye miwaridi yako na penseli mkononi. Ilinganishe na matawi. Penseli ina unene wa milimita 7 hivi, na kwenye waridi la chungu utaona matawi mengi hayazidi hapo. Machache yatafika unene wa kidole. Chini kabisa, kwenye mti wa miaka mingi, utakuta kisiki kimoja au viwili vilivyokomaa.

Hivyo visiki ndivyo vinavyowaponza watu. Mtu ananunua mkasi mkubwa kwa ajili ya visiki viwili, halafu anaubeba mwaka mzima kukatia vitawi vya penseli. Usifanye hivyo. Tawi linalozidi sentimita 2 ni kazi ya msumeno mdogo wa miti, au mkasi wa mipini mirefu unaoshikwa kwa mikono miwili. Azima kwa jirani siku hiyo, urudishe. Mkasi mdogo wenye uwezo wa kukata sentimita 2 unakutosha kabisa kwa waridi, asumini, na hata mkilua ukiwa bado mchanga.

Na kama kazi yako ni kuchuma maua tu, alfajiri, ya vikuba (vishada vidogo vya maua vya kujipambia) au ya kuuza, wala hupogoi, basi acha mkasi wa kupogolea. Tafuta ule mwembamba wa kuchumia, wenye ncha nyofu na mipini miepesi. Unaingia katikati ya miiba bila kugusa ua la pili. Ila tawi gumu usilijaribu nao. Ncha zitapinda siku ya kwanza.

## Hatua ya 3: Chagua aina

Kuna aina mbili kubwa, na dukani mara nyingi zimetundikwa pamoja.

Ya kwanza ni mkasi wa kupishana. Una kisu kimoja chenye makali na ndoano nene isiyo na makali, na vinapofunga vinapitana. Ya pili ni mkasi wa kibao: kisu kinashuka na kutua juu ya bamba bapa, kama kisu cha vitunguu juu ya ubao.

Kwa waridi, nunua wa kupishana. Tawi bichi lina maji na ngozi laini. Likilazwa juu ya bamba linabanwa upande mmoja kabla halijakatika, na hapo palipobanwa hufa. Utaona ncha inageuka kahawia, kisha weusi unashuka chini kuelekea kwenye jicho ulilotaka lichipue. Watu husema waridi limepata ugonjwa, kumbe ni mkasi.

Wa kibao una nafasi yake: matawi yaliyokauka. Una nguvu kwenye ukavu, na kwa mwenye bustani kubwa si vibaya kuwa nao wa pili.

Kuna pia mkasi wa meno, ambao hukata kwa awamu: unabana, unaachia kidogo, unabana tena, na kila mara kisu kinaingia ndani zaidi. Bibi au babu mwenye baridi yabisi ya vidole utamsaidia sana. Lakini ni wa polepole, na mingi ya aina hiyo ni ya kibao. Ukiutafuta, tafuta ule unaochanganya meno na kupishana.

## Hatua ya 4: Jaribu upana dukani

Hapa usiwe na haraka wala haya. Mkasi ukiwa umefungwa kwenye plastiki na kadibodi hauwezi kukwambia chochote. Mwombe mwenye duka kwa adabu: "Ami, nifungulie niushike kwanza." Wengi watakubali. Asiyekubali, muage vizuri uende duka la pili.

Ukishakuwa mkononi, fuata hivi.

Fungua komeo, uache mkasi ufunguke mpaka mwisho wake. Mpini wa juu ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba. Vidole vinne vizunguke mpini wa chini.

Tazama kidole cha mwisho. Karibu kila mtu hutazama kidole cha shahada, na hicho kitafika siku zote kwa sababu kiko karibu na nati, pale mipini inapokaribiana. Kidole cha mwisho ndicho shahidi. Kiungo chake cha kwanza, kile cha karibu na ukucha, kikiweza kujikunja juu ya mpini, mkasi ni wako. Kikigusa kwa ncha tu, utakuwa unaanza kila kata kwa kuuvuta mkasi kwa vidole viwili, na mkono utachoka kabla ya mti wa pili. Kikining'inia hewani, urudishe.

Pima kwa rula. Acha mkasi wazi, pima kutoka mpini hadi mpini, ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, pale kidole chako cha kati kilipokaa. Linganisha na namba uliyoandika nyumbani. Ikizidi kwa nusu sentimita unaweza kuvumilia. Ikizidi kwa sentimita nzima, usijidanganye kwamba utazoea.

Funga kabisa. Tazama mambo mawili: ngozi ya kiganja isibanwe katikati ya mipini, na ncha ya mpini itokeze nje ya kiganja, isiishie ndani.

Vaa glavu, rudia yote. Glavu ya ngozi inakula nafasi. Mkasi uliokufaa mkono mtupu unaweza kukukataa ukivaa.

Fungua na funga mara ishirini bila kukata kitu. Hesabu kwa sauti ukitaka, wateja wengine wacheke. Msuli wa juu ya kifundo ukianza kuwaka kabla hujafika ishirini, springi ni nzito mno kwako.

Jaribio likifaulu, huhisi chochote cha ajabu. Mkono umepumzika, kifundo kimenyooka, na unaweza kuongea huku unafungua na kufunga. Mkasi wenyewe unarudi wazi bila wewe kuusaidia kwa mkono wa pili.

Tahadhari moja kuhusu maandishi kwenye kadibodi. Inchi 7 au inchi 8 iliyoandikwa pale ni urefu wa mkasi mzima. Haisemi lolote kuhusu upana. Utakutana na mkasi wa inchi 8 unaofunguka kidogo kuliko wa inchi 7, kutegemea umbo la mipini. Kwa hiyo urefu utumie kupunguza uchaguzi tu, uanze na ya sentimita 17 hadi 20. Uamuzi uachie kidole cha mwisho.

## Hatua ya 5: Springi na komeo

Springi nzito huuzwa kama sifa: "Huu una nguvu!" Nguvu hiyo unaipinga wewe kwa vidole vyako kila unapobana, kabla hata tawi halijaanza kukatika. Kwa mkono mdogo chagua springi laini ambayo bado inafungua mkasi hadi mwisho.

Komeo lijaribu kwa mkono mmoja. Kidole gumba kiweze kulifungua na kulifunga bila kiganja kuhama mahali pake. Makomeo mengine yako katikati, karibu na nati, na hayo ni rahisi kufikia. Mengine ni kitanzi cha ngozi au cha waya kwenye ncha ya mipini. Huko kunahitaji mkono wa pili, na mkono wa pili kwenye waridi una kazi ya kushika tawi. Komeo lisilegee pia. Likijifunga lenyewe katikati ya kazi, utaacha mkasi ndani ya wiki.

Anayetumia mkono wa kushoto azingatie zaidi hapa. Kwenye mkasi wa kawaida komeo linamwangukia upande wa vidole, na kisu kinamzibia pale anapokata. Ipo mikasi iliyogeuzwa kwa ajili yake, na ni hiyo atafute.

## Hatua ya 6: Kagua kisu kabla ya kulipa

Shika mipini miwili, usukume kisu kulia na kushoto. Kikicheza, tawi litajikunja na kuingia katikati ya kisu na ndoano badala ya kukatika. Nati ikikazwa huenda kikatulia. Mwombe muuzaji aikaze mbele yako. Kisipotulia, weka chini.

Funga mkasi nusu, uinue kwenye mwanga wa mlango. Pale kisu na ndoano vinapokutana pasipite mwanga. Kisha kata karatasi ya daftari kuanzia katikati ya kisu hadi ncha. Inatakiwa ikatike moja kwa moja. Ikikunjwa au ikichanwa mwishoni, ncha hazikutani, na ncha ndizo utakazotumia kuondoa vitawi vilivyojificha kati ya matawi mengine.

Sasa toa vijiti vyako. Anza na kile chenye unene wa penseli. Kiweke ndani kabisa, karibu na nati, maana huko ndiko kuna nguvu. Ukikatia nchani unalipa mara mbili kwa vidole. Bana mara moja, bila kupinda kifundo wala kuuzungusha mkasi. Tazama uso wa kijiti kilichokatika. Unataka duara safi, nyeupe kijani, lenye umajimaji, ngozi imeshikamana pande zote. Ukiona upande mmoja umebonyea, au nyuzi za ngozi zinaning'inia, huo si mkasi wa waridi. Kijiti kikavu kimalizie mwisho, kwa sababu hicho ndicho kitakachokupima nguvu kwa kweli.

Kuhusu chuma: kile cha kaboni hunoleka vizuri na kushika makali, lakini hewa ya chumvi ya huku kwetu inakila usiku mmoja ukikiacha na maji. Kisichoshika kutu kinavumilia zaidi, lakini chumvi nayo hukitia madoa. Vyenye rangi nyeusi iliyopakwa juu vinateleza vizuri kwenye utomvu mpaka rangi ichubuke. Kwa mtu ambaye anajijua hatapangusa mkasi wake kila siku, na tunajijua, bora achukue kisichoshika kutu.

Uliza pia kama springi na kisu vinauzwa peke yake. Mkasi uliopigwa ribiti badala ya nati hauwezi kufunguliwa, na siku springi ikifa umekufa wote.

## Ukiagiza kutoka mbali

Maduka ya Amu hayana uchaguzi mwingi, na wengi huishia kuagiza Mombasa au Nairobi. Mzigo ukishasafiri kwa basi hadi Mokowe ukavushwa kwa boti, kuurudisha ni shughuli nyingine na nauli nyingine. Kabla hujatuma pesa, mwombe muuzaji akupigie picha ya mkasi ukiwa wazi kabisa, na rula imelazwa kati ya mipini pale kidole cha kati kinapokaa. Muuzaji wa kweli atafanya hivyo kwa dakika moja.

Majina machache yatakusaidia kuuliza. Felco ya Uswisi hutengeneza mikasi kwa namba: namba 2 ndiyo ya mkono mkubwa wa kawaida, namba 6 ni ya mkono mdogo, yenye sentimita 19.5, gramu 210 na uwezo wa kukata hadi sentimita 2, na namba 9 ni ya mkono wa kushoto. Sehemu zake zote zinabadilishwa. Japani, ARS na Okatsune wana mikasi ya sentimita 18. Yote hii ni ya bei juu, na mtu mwenye vyungu vitano haihitaji. Mkasi usio na jina uliofaulu hatua ya 4 na ya 6 utamfanyia kazi yake vizuri tu. Mwenye bustani ya hoteli au nyumba ya wageni kule Shela au Malindi, anayekata kila siku, huyo ndiye wa kufikiria kulipa.

## Hatua ya 7: Kata ya kwanza nyumbani

Mkasi mzuri ukishikwa kinyume unaharibu kama mbaya. Kisu chembamba kikae upande wa tawi linalobaki kwenye mti. Ndoano ikae upande wa kile kinachotupwa, kwa sababu ndoano ndiyo inayobonyeza. Ukiona umelazimika kuishika kinyume, geuza mkono au zunguka upande wa pili wa chungu.

Tafuta jicho linalotazama nje ya mti. Kata milimita 5 au 6 juu yake, kwa mshazari, upande wa chini wa mshazari uwe nyuma ya jicho ili maji ya mvua yasilitiririkie. Ukikata juu mno, kipande kinachobaki kitakauka na kuoza. Ukikata karibu mno, jicho lenyewe litakauka.

Usinakili picha za Ulaya, ambako miwaridi hulala wakati wa baridi na watu huikata ikabaki mafupa. Huku haina baridi ya kuilaza. Inaendelea kukua mwaka mzima, na majani yake ndiyo kivuli cha vijiti vyake kwenye jua la kaskazi. Ondoa kwanza vilivyokufa, vilivyo vigonjwa na vinavyosuguana. Kisha punguza, usizidi theluthi ya mti.

Tawi likikataa, toa mkasi. Usiutikise wala kuuzungusha, na usibane kwa mikono miwili. Hapo ndipo kisu hupinda na nati hulegea. Hilo ni tawi la msumeno.

Baada ya siku chache rudi utazame. Kata iliyofaulu imekauka juu tu, kama ukoko mwembamba, na chini yake tawi ni kijani hadi mwisho. Jicho linaanza kuvimba na kuwa jekundu.

## Kama mkasi mkubwa umeshanunuliwa

Usiutupe. Kata ukanda mwembamba wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ufanye kitanzi, ukizungushe kwenye mipini yote miwili karibu na ncha. Ukubwa wa kitanzi uwe ule unaouruhusu mkasi kufunguka hadi upana wako wa kushika na si zaidi. Mdomo utafunguka kidogo kuliko ulivyotengenezwa, lakini kwa matawi ya penseli mdomo huo unatosha na kubaki.

Hakikisha kitanzi kimekaa nyuma ya kidole cha mwisho, kisiguse vidole unapobana. Kikihama kila mara, kifunge na uzi wa kushonea upande mmoja. Jua litakiozesha, kibadilishe kinapoanza kupasuka.

Mikasi michache ina komeo la nafasi mbili, moja ya kufunga kabisa na moja ya kupunguza ufunguko. Utazame wako vizuri kabla ya kukata tyubu ya mtoto.

## Hatua ya 8: Utunzaji kwenye hewa ya bahari

Mkasi uliokuwa mwepesi dukani unakuwa mzito mwezi wa pili, na mkono mdogo ndio unaohisi kwanza. Utomvu ukigandia kwenye kisu, kutu ikiingia kwenye nati, nguvu unayotumia inaongezeka bila wewe kujua.

Kila ukimaliza kazi, pangusa kisu kwa kitambaa chenye spiriti. Utomvu unatoka, na kama mti mmoja ulikuwa mgonjwa huupeleki ugonjwa kwa mwingine. Klorini ya kufulia usiitumie; inaua vijidudu, lakini inakila chuma. Kisha tia tone la mafuta ya cherehani kwenye nati na jingine kwenye springi, fungua na funga mara chache, futa ziada. Mafuta ya nazi yaache jikoni. Yanavuta vumbi na mchanga, na yakikaa yanachacha na kunata.

Mkasi usiuhifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, unafungia unyevu ndani. Usiuchomeke kwenye udongo wa chungu hata kwa dakika tano, hasa kama mmechanganya mchanga wa pwani. Utundike ndani ya nyumba, mbali na dirisha linalotazama baharini.

Kunoa, noa ule upande wa kisu wenye mteremko tu, kwa jiwe laini au tupa ndogo, ukifuata pembe iliyopo. Upande bapa upitishe jiwe mara moja kuondoa vinyweleo vya chuma. Ndoano hainolewi. Na usimpe fundi anayenoa mapanga kwa gurudumu: joto la gurudumu linalainisha chuma, na pembe ya kisu inapotea.

Springi ndiyo huharibika kwanza huku pwani. Inashika kutu kwenye mikunjo, kisha siku moja inaruka katikati ya matawi na huioni tena. Kama ya mkasi wako inauzwa peke yake, chukua ya akiba siku ile ile unayonunua mkasi, uitie mafuta, uifunge kwenye kitambaa na kuiweka pamoja na sindano za cherehani.